GARI LA DIZELI LILILOISHIWA NA PUMZI
Tafuta hitilafu kwanza, ndipo ununue turbo

Wako wenzetu wa skimu za Trans Nzoia ambao siku hizi hawangoji mnunuzi aje shambani. Hupakia kabichi, viazi na mahindi katika pikapu zao wenyewe, wakateremka Marich, wakauza Lodwar na Kakuma. Wengine husonga mbele hata Lokitaung, pale alipofungwa Mzee Jomo Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria ya mwaka 1953, na kutoka huko hufika Todonyang, mpakani na Ethiopia, karibu na mahali mto Omo unapoingia Ziwa Turkana. Warudipo hubeba samaki wakavu. Kadhalika wenzetu wa skimu za kumwagilia maji za mto Turkwel, kama ile ya Katilu, huyategemea magari ya namna hiyo hiyo kupeleka mazao sokoni na wagonjwa hospitalini.

Mengi ya magari hayo ni ya dizeli na ni ya zamani, nayo yana turbo. Turbo ikifanya kazi, mwenye gari haikumbuki. Ikiacha, hulaumu dizeli, hulaumu mzigo, mwisho humwendea fundi, na fundi asiye na subira humwambia, "Turbo imekufa, nunua nyingine." Mara nyingi sana si kweli. Twataka kuwaonyesha namna ya kuitafuta hitilafu wenyewe, kwa vyombo ambavyo mkulima anavyo: bisibisi, spana, taa ya mkononi, sabuni na pampu ya kujazia upepo.

Nitaanza na jambo nililoliona. Mkulima mmoja aliteremka na kabichi mpaka Lodwar bila taabu yo yote. Alirudi na magunia ya samaki, na gari likaenda vizuri Lokichar hata Kainuk. Alipoanza kupanda milima baada ya Marich, gari likashindwa. Alishuka gia ya tatu, ya pili, mwisho ya kwanza, na moshi mweusi ukafunika barabara nyuma yake. Katika mji mmoja aliambiwa anunue turbo ya mtumba kwa bei iliyokaribia bei ya ng'ombe wawili. Alikwisha kuzitoa fedha mfukoni. Kabla hajazihesabu, kijana mmoja aliyekuwa akifunga tairi aliingiza mkono chini ya mpira mkubwa wa hewa, akakuta umetoboka upande wa chini, mahali ulipokuwa ukisuguana na chuma. Tundu lilikuwa pana kama sarafu ya shilingi. Walikata kipande cha mpira wa rejeta ya lori, wakakivalisha na kukikaza kwa klipu mbili, na gari likafika Kapenguria.

Kwa nini gari lile halikuonyesha ugonjwa Lodwar? Sababu yafaa kufahamika, maana ndiyo inayowadanganya watu wengi. Lodwar iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lenyewe liko chini zaidi, yapata mita 360. Nchi ni tambarare, na injini haiombwi kazi kubwa. Kapenguria iko kama mita 2,100. Huko juu shinikizo la hewa ni kama sehemu nne kwa tano tu ya lile la pwani, na tena barabara inapanda. Turbo iliyo nzima huifidia injini hewa hiyo iliyopungua. Turbo iliyopoteza nguvu haiwezi, basi ugonjwa uliokuwa umejificha Turkana hujitokeza mlimani, mzigo ukiwa mgongoni. Kwa hiyo anayekaa Todonyang au Kakuma asiseme kwamba gari lake ni zima kwa sababu tu linakwenda vizuri kwenye tambarare.

TURBO NI KITU GANI

Injini ya dizeli huchoma mafuta kwa hewa. Ukiitilia mafuta mengi bila kuongeza hewa, mafuta hayaungui yote, hutoka kuwa moshi mweusi. Mhandisi mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kuutumia moshi wa injini kusukuma hewa. Moshi unaotoka kwa nguvu huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeungwa kwa shafti moja na gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa safi kutoka kwenye chujio na kuishindilia ndani ya injini. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Inaelea katika oili nyembamba tu, wala haina kitu kingine cha kuiponya.

Hewa ikishindiliwa hupata joto, na hewa ya moto ni nyepesi. Kwa hiyo magari mengine yana kitu kama rejeta ndogo, nacho huitwa intakula, cha kuipoza hewa kabla haijaingia injini. Katika nchi ya joto kama Lodwar kifaa hicho kina kazi kubwa. Kikizibwa na tope, majani na miiba ya mathenge, hewa hufika injini ikiwa moto, na nguvu hupungua ingawa turbo yenyewe ni nzima.

Kabla hujaendelea, hakikisha kwamba gari lako lina turbo. Hili si jambo la kuchekwa. Land Cruiser nyingi zinazoonekana Lodwar na Kakuma zina injini ya 1HZ, silinda sita, ujazo wa lita 4.2, na injini hiyo haikutoka kiwandani na turbo. Mwenye gari la namna hiyo akiambiwa turbo yake imekufa, na aondoke hapo upesi.

Tena hakikisha kwamba mzigo si wa breki wala klachi. Baada ya safari fupi gusa magurudumu kwa uangalifu, moja moja. Lililo na joto kali kuliko mengine lina breki inayokamata. Na kama injini inapaza sauti lakini gari haliongezi mwendo, klachi inateleza. Mambo hayo mawili yamewahi kuwapeleka watu wengi kwa fundi wa turbo bure.

MOSHI UTAKUAMBIA

Mwombe mwenzako akae nyuma ya gari, au afuate kwa gari jingine, wewe ukipanda kilima kwa gia ya tatu huku umekanyaga mafuta mpaka chini. Aangalie moshi.

Gari likiwa zito na moshi ni mweusi mwingi, mafuta yanafika lakini hewa haitoshi. Tafuta upande wa hewa: chujio lililoziba, mpira uliotoboka, intakula iliyopasuka, au turbo yenyewe iliyochoka.

Gari likiwa zito bila moshi wo wote, mambo ni mengine kabisa. Hapo ni mafuta yasiyoongezwa. Kwanza badilisha filta ya dizeli, hasa kama umenunua dizeli ya mitungi njiani. Halafu tazama pampu ya dizeli. Katika magari mengi ya zamani yenye turbo, juu ya pampu pana kichwa cha duara, na mpira mwembamba unatoka kwenye manifoldi au kwenye turbo kuja hapo. Mpira huo huiarifu pampu kwamba hewa imeongezeka, nayo huongeza mafuta. Ukikatika au ukichomoka, pampu haipati habari. Turbo inasukuma hewa vizuri kabisa, lakini pampu inatoa mafuta kama ya gari lisilo na turbo. Mpira huo ni mfupi tena ni wa bei ndogo, na watu wamewahi kubadilisha turbo nzima kwa ajili yake. Uchomoe, uupinde vidoleni uone kama una nyufa. Kisha valisha mpira mwingine safi juu ya pampu na upulize kwa mdomo polepole. Pumzi ikizuiwa, kiwambo cha ndani ni kizima. Pumzi ikipita bila kizuizi, kiwambo kimechanika, na hiyo ni kazi ya fundi wa pampu, si ya fundi wa turbo.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Tutaueleza mbele.

KUTAFUTA UPANDE WA HEWA

Anza na chujio. Vumbi la barabara ya Lokitaung ni laini kama unga, na chujio lililosafishwa Jumatatu huweza kuziba kabla ya Ijumaa. Litoe, lielekeze kwenye jua. Kama huoni mwanga kupitia karatasi yake, limekwisha. Ukilipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Ukilipuliza kinyume utalisukumiza vumbi ndani ya karatasi. Wala usilibamize kwenye tairi kama tuonavyo watu wakifanya, maana ukingo wake hupinda na vumbi hupata njia ya pembeni. Vumbi likipita huyala mapanga ya turbo kama tupa.

Kuendesha bila chujio "kwa siku moja tu" huko Turkana ni kuiua turbo na injini pamoja.

Sasa fuata mipira yote kwa mkono, tangu kwenye chujio mpaka turbo, tangu turbo mpaka intakula, na kutoka hapo mpaka injini. Injini iwe imezimwa na imepoa. Usitazame juu tu. Mpira huoza chini, mahali oili inapotuama, na hutoboka unapogusa chuma. Palipo na tundu mara nyingi pana alama ya oili iliyoshika vumbi. Kaza klipu zote. Mpira uliolegea kama sikio la mbuzi, hata kama hauna tundu, ubadilishe, kwa sababu hewa ikishindiliwa hufumuka, na hewa ikivutwa hujifunga.

Usipoona kitu, pima kwa upepo. Chomoa mpira unaotoka kwenye chujio. Tafuta kopo imara au kipande cha mti kinachoziba mdomo wake barabara, kitoboe katikati, na ufunge hapo valvu iliyotolewa katika tairi lisilo na tyubu. Rudisha, kaza kwa klipu. Kama kuna mpira wa kupumulia injini unaoingia katika njia hiyo, uchomoe na uzibe tundu lake, usije ukaijaza injini upepo na kuharibu sili zake. Kisha pampu upepo ratili 10, na usizidishe 15. Sikiliza. Pakaza maji ya sabuni kwa brashi kila kiungo, na kila pembe ya intakula. Povu litaonyesha mahali. Ukisikia upepo unatoka kwenye eksosi au ndani ya injini, usishtuke, ni valvu iliyo wazi. Zungusha injini kidogo kwa spana, upime tena.

Kwa mwenye kupenda kujua hakika, geji ndogo ya upepo iungwe katika mpira mwembamba unaotoka manifoldi, ikae mbele ya dereva. Injini nyingi za zamani za namna hii, zikipanda na mzigo, huonyesha baina ya ratili 7 na 15. Kila injini ina kipimo chake katika kitabu cha gari. Jambo kubwa ni kuujua mshale wa gari lako likiwa zima, ili siku ukishuka ujue.

UPANDE WA MOSHI

Turbo haizunguki kama moshi hauifikii. Tazama pale eksosi inapoungana na injini, na pale inapoungana na turbo. Masizi meusi yaliyojichora kama manyoya, pamoja na sauti ya tik-tik injini ikiwa baridi, huonyesha gasketi iliyoungua au manifoldi iliyopasuka. Nyuma ya turbo tazama kama bomba limebonyezwa na mawe. Barabara za kwenda Todonyang hupita laga nyingi, na bomba lililopigwa pale hubaki na nafasi ndogo tu ya moshi kutoka.

Pembeni mwa turbo utaona kikopo cha duara chenye fimbo. Fimbo hiyo hufungua mlango mdogo wa kupunguzia moshi, ili turbo isisukume kupita kiasi. Mlango huo ukikwama wazi kwa masizi, au springi ya ndani ikivunjika, moshi hupita pembeni na turbo hulegea. Ujaribu: fimbo isogezwe kwa nguvu na irudi yenyewe. Kama inasogea kwa kidole bila upinzani, springi haina kazi. Ukiunga pampu ya mkono kwenye kikopo, fimbo ianze kwenda upepo ufikapo kipimo cha kitabu, na ikae hapo. Ikirudi yenyewe ingali na upepo, kiwambo kinavuja.

Kuna watu ambao, badala ya kutafuta hitilafu, huikaza fimbo hiyo au huziba mpira wake ili gari "lipate nguvu." Litapata kweli, kwa muda. Halafu pistoni itayeyuka. Msikubali kabisa.

Magari ya baadaye, hasa tangu mwisho wa miaka ya 1990, yana turbo za namna nyingine, zenye mapanga madogo yanayogeuka, na mengi kati yake hutumia mvuto wa pampu ya vakyumu. Hapo jambo hugeuka: injini ikiwashwa fimbo ivutwe mara moja. Isipovutwa, chunguza mipira myembamba ya vakyumu, kwa kuwa joto huikausha na panya huitafuna. Na kama gari lina kompyuta, nayo ikiona hitilafu hupunguza nguvu kwa makusudi. Ukizima na kuwasha, nguvu hurudi, kisha hupotea tena mlimani. Huyo ni wa kupimwa kwa mashine, na Kitale mafundi wa kazi hiyo wapo.

TURBO YENYEWE

Ukifika hapa bila kupata kitu, ndipo utazame turbo. Injini imezimwa na imepoa. Chomoa mpira wa upande wa chujio, mulika ndani. Mapanga yawe makali na kamili. Yakiwa yameliwa, vumbi limeingia. Shika ncha ya shafti, itikise juu na chini. Itacheza kidogo sana, na hiyo ni desturi, kwa sababu inaelea katika oili ambayo sasa haipo. Lakini mapanga yasiguse ukuta. Kisha ivute na uisukume. Upande huo isiweze kuonekana ikienda. Ikigonga mbele na nyuma, imekwisha. Utando wa oili ndani ya mipira si ajabu. Oili inayotiririka pamoja na moshi wa buluu ndiyo mbaya, ingawa hata hapo tazama kwanza kama bomba la kurudishia oili limebonyezwa au kuziba. Oili isipopata njia ya kushuka itatoka popote.

Usichomoe mpira na kuwasha injini ili uone turbo inavyozunguka. Gurudumu lile hunyonya shuka, kitambaa na hata kidole.

Tena yafaa kujua hatari iliyo kubwa kuliko zote. Sili za turbo zikivunjika, oili huweza kuingia injini kwa wingi, na injini ya dizeli huila oili hiyo kama mafuta. Itanguruma na kupanda mwendo yenyewe, na ufunguo hautaizima. Kama gari ni la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, tia gia ya juu kabisa, uachie klachi ili injini izimike. Vinginevyo ziba mdomo wa hewa kwa ubao bapa au kitabu kinene, kamwe si kwa mkono. Ikishindikana, ondoka na uwatoe watu karibu.

Turbo haifi bila sababu. Huuawa na vumbi, au na oili chafu, au na kukosa oili. Kwa hiyo anayebadilisha turbo bila kubadilisha oili, filta yake, na bomba jembamba linaloipelekea oili, atainunua tena. Bomba hilo huzibwa na oili iliyoungua ndani yake. Wala turbo mpya isiwashwe kavu: mimina oili safi katika tundu lake, zungusha injini kwa stata bila kuiacha iwake, mpaka oili ifike.

Kwa anayekwenda Todonyang neno hili si la fedha tu. Mwezi wa Mei 2011 watu wengi wa Turkana waliuawa huko katika mapigano ya mpakani, na tangu hapo pia pamekuwa na mashambulio. Hakuna apendaye kulala njiani na gari lisilopanda. Basi kabla ya kuondoka Lodwar chukua klipu nne za namna mbalimbali, kipande cha mpira wa rejeta kinacholingana na bomba lako la hewa, mita moja ya mpira mwembamba wa dizeli, chujio la akiba na galoni ya oili.

Na ufikapo, baada ya mwendo mkali au mlima, usizime injini papo hapo. Iache ingurume taratibu dakika mbili huku unafungua kamba za mzigo. Shafti ile ingali inazunguka kwa kasi na ingali ya moto, na ukizima, oili husimama kabla yake.